Upinde wa Odilo Kabla ya Mwaka Kuisha

Oliva ni fundi cherehani, na kibaraza chake kiko Makambako, upande wa reli, mahali ambapo upepo hauna adabu. Ukitandaza kitambaa mezani bila kukiwekea mkasi juu, utakwenda kukidai kwa jirani. Hapo ndipo alipokaa miaka yote ya utu uzima wake, mguu kwenye kanyagio, sweta mbili mwilini kuanzia Mei hadi Agosti, akishona sare za shule na magauni ya kipaimara. Si mwongeaji. Wateja wake husema ukitaka umbea nenda kwa wasusi, kwa Oliva utapata nguo tu.

Lakini ipo kazi ambayo watu wa ukoo wake humletea yeye na si fundi mwingine, nayo ni makoti ya marehemu. Asili yao ni Uwemba, na huko, katika ukoo wao, mtu mzima akifa koti lake hupewa mrithi siku ya kumaliza matanga. Mrithi hulivaa kama lilivyo. Mikono ikimzidi anaikunja, mabega yakining'inia anavumilia, na sindano hailigusi mpaka mwaka uishe. Siku ya misa ya mwaka anasimama mbele ya ndugu akiwa amelivaa. Wakiridhika kwamba amemchukua marehemu jinsi alivyokuwa, wanamruhusu kulipeleka kwa fundi likatwe kwa kipimo chake. Wasiporidhika, linahamia kwa mwingine. Anayetaka kucheka acheke. Oliva amekata makoti mengi ya namna hiyo, na hajaona mtu aliyelikabidhi bila kwanza kulishikashika kola kama anayeaga.

Baba yake, Odilo, hakuacha koti. Alilokuwa nalo alizikwa nalo. Alikuwa seremala wa misheni huko Uwemba, mtu mrefu wa mikono mirefu, aliyekula ugali wake kimya na kucheka kwa pua. Alichoacha ni upinde.

Wala usidhani ni upinde wa mti, ule wa kulindia mahindi. Huu ulikuwa wa chuma chepesi, na kila ncha yake ilikuwa na gurudumu dogo lililozungukwa na ugwe, kamba yake ya kuvutia. Ukianza kuuvuta unakuwa mzito hadi unatamani kuacha, kisha magurudumu yanageuka na uzito unakuachia ghafla, ukabaki umeushika kwa amani na kulenga unavyotaka. Bruda mmoja wa Kizungu aliyekuwa akisimamia karakana alimwachia alipokuwa anarudi kwao kuzeeka. Watu waliuita upinde wa magurudumu. Odilo aliushika jinsi wengine wanavyoshika kwaya: kila Jumapili baada ya misa alikwenda nyuma ya karakana, kwenye uwazi kando ya miti ya mipaina, akalenga magunia yaliyojazwa nyasi. Hakuua nao hata kanga. Alipenda tu kuona mshale ukienda ulikotumwa. Alimfundisha Oliva tangu akiwa darasa la nne, kwa upinde mdogo wa mwanzi aliomchongea mwenyewe, na binti alipokuwa mkubwa wakawa wanapokezana ule wa magurudumu, ingawa kwa urefu ulimzidi mikono.

Mwaka jana, mwezi wa saba, Odilo alikufa kwa saratani ya ini. Ndugu walijua kwamba anaumwa wiki chache tu kabla. Alipofika hospitali, daktari alishangaa kusikia kwamba amekuja kwa miguu yake. Mwenyewe hakueleza kitu. Kitandani alisema upinde apewe Oliva, na hilo ndilo neno lake la mwisho lililosikika vizuri.

Siku ya kumaliza matanga wazee waliutoa upinde, wakamkabidhi. Aliyepinga ni baba yake mdogo, Stanley, anayeishi Njombe mjini na mwenye nyumba nzuri ya vigae. Alisema kitu kama hicho hakikai kwa mwanamke aliyeolewa ukoo mwingine. Stanley hajawahi kuuvuta upinde huo hata mara moja. Alitaka kuutundika sebuleni, juu ya televisheni, wageni waulize. Baraza likavutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe shangazi Ida, dada mkubwa wa Odilo, ambaye ndiye mwenye neno katika mambo ya msiba, aliamua hivi: Oliva auchukue kama mrithi anavyochukua koti. Siku ya misa ya mwaka atafyatua mbele ya ndugu wote, pale pale nyuma ya karakana. Mshale ukienda kama ulivyokuwa ukienda kwa Odilo, upinde ni wake moja kwa moja. Usipoenda, Stanley auchukue.

Oliva alikubali haraka, na hapo ndipo alipojitia kitanzi. Mtu mwingine angesema chuma si kitambaa. Yeye ni fundi wa makoti ya marehemu, na alichosikia ni kwamba upinde huu ni koti. Kwa hiyo hakuugusa. Hakusogeza kitu, hakukaza kitu, hakuweka hata tone la mafuta kwenye magurudumu. Vumbi alilifuta kwa kitambaa kikavu, kisha akautundika ndani, nyuma ya sare ambazo wenyewe hawajazifuata. Jioni, akishafunga kazi, aliuchukua hadi nyuma ya nyumba, akalenga viroba alivyovijaza mabaki ya vitambaa.

Mishale ilikwenda vibaya, vibaya hasa. Ilitoka huku mkia ukiyumba juu na chini, ikafika kwenye viroba imeinama, mingine ikapiga ubavu na kudondoka. Mwanzoni aliulaumu upepo, na kwa Makambako hiyo ni lawama inayosikika. Akasubiri siku za utulivu. Mishale ikayumba vilevile. Ndipo akaanza kujilaumu. Ugwe ulimchapa mkono wa kushoto mpaka ukawa na alama za rangi ya zambarau, na wateja wakaanza kumtazama mume wake kwa jicho baya, maskini, ambaye hata kuku hajawahi kumfokea. Oliva hakueleza. Alishusha mkono wa sweta akaendelea kupiga cherehani. Alikuwa ameshaamini kwamba kasoro ni yake: kwamba baba alikuwa na kitu mikononi ambacho yeye hakurithi, na kwamba siku ya misa watu wote watakiona hicho kilichokosekana. Kila alipowaza Stanley akipigilia msumari ukutani, moyo ulimshuka. Haukuwa wivu wa mali. Upinde huo ndicho kitu pekee ambacho yeye na baba yake walikuwa wakifanya pamoja bila kuhitaji maneno.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa imekaza, Festo alifika kibarazani kutiliwa zipu kwenye koti lake. Festo ni mzee wa kijiji cha Kichiwa, Mlutheri wa kufa na kuzikana, aliyefanya kazi karakana moja na Odilo miaka mingi na kufyatua naye kila Jumapili, akitoka ibada yake na mwenzake akitoka misa yake. Wakasalimiana Kibena, kamwene kwa kamwene, wakaulizana habari za viazi na za baridi. Oliva aliponyoosha mkono kupokea koti, mkono wa sweta ukapanda, na mzee akaona.

"Mwanangu, hilo ni pigo la ugwe," alisema. "Nionyeshe unavyofyatua."

Oliva alimwonyesha. Festo alitazama mshale mmoja tu, akaomba karatasi. Akapewa ile ya kaki ambayo Oliva huchorea vipimo vya nguo, akaibana kwenye fremu ya dirisha la zamani, akaisimamisha kati ya Oliva na viroba, karibu na mfyatuaji. Alieleza kwamba ndivyo yeye na Odilo walivyokuwa wakiusikiliza upinde. Mshale mnyoofu hupita na kuacha tundu moja la mviringo, na mikato mitatu midogo ya manyoya ya mkiani pembeni. Mshale wenye kasoro hupasua karatasi, na mpasuko wenyewe unakuambia mkia ulikuwa upande gani. Oliva akafyatua. Karatasi ilichanika kwenda juu, mpasuko mrefu kama kidole.

Akafyatua tena, na tena. Mpasuko ukawa ule ule.

Festo akasema kwamba hilo lilimpa matumaini, kwa sababu mkono mbaya hukosea kila mara kwa namna yake, lakini kasoro isiyobadilika ni ya upinde. Akaomba aushike. Oliva akaurudisha nyuma, kifuani kwake.

"Kuutazama tu, baba," alisema. "Usizungushe kitu. Mwaka haujaisha."

Festo hakubishana. Alivaa miwani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaulaza upinde mapajani bila kuugeuza. Mikono miwili ya upinde, wa juu na wa chini, kila mmoja umebanwa kwenye shina kwa bolti moja kubwa. Ukikaza bolti, upinde unakuwa mzito. Ukilegeza, unakuwa mwepesi. Zamani, wakiwa karakana, Odilo alikuwa amepaka mstari wa rangi nyeupe kuanzia kichwa cha kila bolti hadi kwenye shina, ili aone iwapo bolti zitajilegeza zenyewe. Festo mwenyewe ndiye aliyemshikia kopo la rangi. Sasa mistari ilikuwa imeachana. Shingo ya kila bolti ilikuwa imetoka nje, inang'aa pale ambapo haikuwahi kuona vumbi, na ya juu ilikuwa imetoka zaidi ya ile ya chini. Mkono mmoja wa upinde ulikuwa umedhoofika kuliko mwenzake; ndiyo maana mshale ulisukumwa kombo.

"Nani alizilegeza?" aliuliza.

"Hakuna aliyeugusa tangu baba afe. Naapa."

"Simaanishi tangu afe."

Treni ya mizigo ilikuwa inaondoka stesheni, na Festo alisubiri ipite ndipo aseme. Alikumbuka kwamba miezi ile ya mwisho Odilo alikuwa ameacha kuwapa wengine upinde wauvute. Alisema ugwe umechoka, utamharibia mtu jicho. Wakamwamini. Alikuwa anafika kila Jumapili, anafyatua mishale michache, anakaa kwenye gogo, anatania. Kumbe kila nguvu zilipompungua alikuwa anaulegeza upinde kidogo, ili Jumapili inayofuata aweze kuuvuta na mtu asijue. Alilegeza, akalegeza tena. Upinde ulivyokuwa sasa ndivyo ulivyokuwa Jumapili yake ya mwisho.

Oliva alikaa chini, kwenye ngazi ya kibaraza. Karibu mwaka mzima alikuwa ameulinda ule upinde kama Sakramenti, hakuruhusu hata tone la mafuta, akiamini kwamba ndani yake yumo baba yake mzima.

"Kwa hiyo nimekuwa nikitunza ugonjwa wake," alisema.

Festo alivua miwani akaipangusa. Kisha akasema kazi yenyewe ni ndogo: spana moja iliyopinda, na dakika chache. Lakini Oliva alikataa. Alikata zipu ya mzee, akatia mpya, akamrudishia koti. Hakukataa kwa ukaidi. Kama ndugu wangesikia kwamba upinde uliguswa kabla ya mwaka, Stanley asingehitaji hata kusubiri mshale.

Jumamosi alifunga kazi akaenda Uwemba. Ukungu ulikuwa umelala mpaka mchana, na shangazi Ida alikuwa jikoni akimenya viazi karibu na moto, mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti inayotosha kanisa. Oliva alimpigia magoti, akachukua kisu kingine, akaanza kumenya naye. Akamweleza yote: mistari ya rangi, bolti, Jumapili za mwisho. Shangazi aliendelea kumenya. Oliva alipofikia mahali ambapo Odilo alisema ugwe umechoka, kisu cha shangazi kikasimama, na kwa muda mrefu kiazi kikabaki mkononi kimemenywa nusu.

"Mimi alikuwa ananiambia ameshiba," alisema shangazi Ida. "Kila nikimpakulia, ameshiba."

Baadaye shangazi akauliza, bila kumtazama:

"Koti la marehemu likikutwa na damu, huwa tunampa mrithi hivyo hivyo?"

"Hapana, shangazi. Linafuliwa."

"Na kufua ni kukata?"

"Si kukata."

"Basi nenda kaufue. Urudishe alivyokuwa ndugu yangu akiwa mzima, kwenye ile mistari yake. Usiulete kwenye kipimo chako. Kipimo chako kina siku yake."

Festo alikaza bolti zile kibarazani kwa Oliva, kidogo juu, kidogo chini, mpaka mistari myeupe ikakutana. Karatasi ya kaki ikawekwa tena, na Festo mwenyewe akajaribu kufyatua, akashindwa kuuvuta, miaka imeshamla. Akampa Oliva. Oliva alivuta mpaka nusu, ikabidi aurudishe taratibu. Ndipo alipojua kazi aliyojitafutia. Upinde wa mgonjwa alikuwa anauweza. Huu wa mtu mzima, seremala aliyebeba mbao za mninga begani, ulikuwa kitu kingine kabisa, na tangu aolewe hakuwa ameuvuta.

Zilibaki wiki chache. Kila asubuhi kabla wateja hawajafika Oliva alisimama mlangoni akiwa ameshika pasi ya mkaa, mkono umenyooka mbele, mpaka bega liwake moto. Akabadilisha mkono. Majirani waliona, wakaona pia alama za zambarau, wakahitimisha kwamba sasa anajiandaa kumrudishia mumewe. Mume wake alicheka, kisha siku moja akaacha kucheka, akaanza kumchotea maji yeye mwenyewe ili mkewe asichoke mikono kabla ya jioni. Siku ya kwanza Oliva alipoufikisha upinde hadi magurudumu yakageuka, alifyatua kupitia karatasi. Tundu lilikuwa la mviringo, na mikato mitatu pembeni. Aliitoa karatasi kwenye fremu, akaikunja, akaitia kwenye jiko la pasi kama anavyofanya na mabaki yote, maana alishajua alichotaka kujua. Kilichobaki hakikuwa cha upinde. Kilikuwa cha mikono yake, na kuna siku ilimkatalia.

Siku ya misa ya mwaka ilikuwa ya jua kali na baridi kali, kama siku za Julai zinavyokuwa huko. Baada ya misa na chakula, ndugu wakahamia nyuma ya karakana. Festo alikuwepo, akitaniwa kwamba leo amesali misa nzima na paa halijaanguka. Stanley alivaa suti. Tumpe haki yake: alikuwa amehuzunika kweli, na alisimama mbali kidogo na wenzake, mikono nyuma, akitazama ile mipaina ambayo yeye na kaka yake waliipanda wakiwa vibarua wa misheni. Shangazi Ida aliwekewa kiti mbele.

Oliva alivua sweta ya juu. Aliweka mshale, akauinua upinde, akavuta. Uzito ukampokea, ukapanda, ukafika pale ambapo siku nyingi alikuwa akishindwa, na mabega yakaanza kutetemeka mbele za watu wote. Mtu mmoja akaguna. Alivuta tena kutoka mgongoni, jinsi baba alivyomfundisha, na magurudumu yakageuka. Uzito ukamwachia. Hapo, akiwa amenyoosha mikono kwa urefu usio wake, alielewa kwa mwili wake nguvu alizokuwa nazo Odilo, na ni kiasi gani kilikuwa kimeondoka bila yeye kuambiwa. Alitamani asiachie. Akaachia.

Mshale ulikwenda umenyooka, mkia haukutikisika hata kidogo, ukazama kwenye gunia chini kidogo ya katikati. Hakuna aliyepiga makofi. Stanley alitembea taratibu hadi kwenye gunia, akauchomoa, akaurudisha mwenyewe hadi kwa Oliva.

"Ndivyo ulivyokuwa ukienda," alisema, akimkabidhi mshale kwa mikono miwili. "Chukua, mama."

Shangazi Ida akasema mwaka umekwisha, mwenye koti akate.

Watu waliporudi kwenye chai, Oliva na Festo walibaki kwenye gogo. Festo akampa ile spana iliyopinda, aulete upinde kwenye kipimo chake. Kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja anaushikilia upinde kwa nguvu usicheze, mwingine anazungusha, na wote wanatazama bolti ya juu na ya chini zisipishane. Festo aliushika. Oliva alilegeza ya juu kidogo, ya chini kidogo, ya juu tena. Kisha mkono wake ukasimama.

"Ndiyo maana hazikuwa sawa," alisema. "Hakuwa na mtu wa kumshikia."

"Nilikuwa naye kila Jumapili," alisema Festo. "Hapa hapa."

"Angeniita ningekuja."

Alilia hapo kwenye gogo, kwa sauti, bila kujificha, kwa ajili ya mtu aliyebana upinde kwa magoti na kuzungusha kwa mkono usio na nguvu. Festo hakumnyamazisha. Aliendelea kuushika upinde kwa mikono yote miwili, na Oliva alipoweza kuona tena, akaitia spana kwenye bolti ya chini, akailegeza mpaka ikawa sawa na ya juu.